Majalada ya Morogoro: Mabadiliko ya Utawala na Haki ya Umma ya Kusoma Nyaraka za Serikali

Nyaraka za serikali ni maandishi yanayozaliwa na kazi ya kutawala: barua za mkuu wa wilaya, mihtasari ya mabaraza, rejista za ardhi, orodha za walipa kodi, ramani za misitu ya hifadhi, taarifa za polisi. Zikiwa masijala, humtumikia ofisa aliyeziandika na yule atakayekalia kiti chake. Zikishamaliza kazi ya kila siku na kukabidhiwa kwenye hifadhi ya nyaraka, huanza kumtumikia mtu mwingine kabisa: mwanahistoria, wakili, mwandishi wa habari, mwanakijiji anayetafuta mpaka wa shamba la ukoo wake. Utawala unapobadilika, safari hiyo ya kutoka masijala hadi chumba cha kusomea ndiyo hukatika. Serikali inayoondoka huamua ibebe nini, ichome nini na iache nini. Serikali inayoingia huamua ifungue nini, lini na kwa nani.

Morogoro na Milima ya Uluguru zinalionyesha jambo hili kwa uwazi wa pekee. Kwa muda wa karne moja na ushei, eneo hili limepita mikononi mwa Wajerumani, Waingereza, Tanganyika huru, mfumo wa chama kimoja na mfumo wa vyama vingi. Kila utawala uliandika kwa lugha yake na kwa shabaha yake. Leo maandishi yanayowahusu Waluguru na mji ulio chini ya milima yao yametawanyika Dar es Salaam, Dodoma, Berlin, London na Afrika Kusini. Mtu akiyafuatilia huko yaliko, huona kwamba moto na mchwa si maadui pekee wa nyaraka. Mara nyingi zaidi, kinachoamua kama umma utasoma au hautasoma ni makabidhiano: nani alimkabidhi nani, wakati gani, na kwa orodha ipi.

Serikali iliyohama na karatasi zake

Chini ya Wajerumani, Morogoro ilikuwa makao ya wilaya, na reli kutoka Dar es Salaam iliufikia mji huo mwaka 1907. Vita vilipozuka Agosti 1914, Gavana Heinrich Schnee aliihamishia serikali yake Morogoro, mbali na mizinga ya manowari za Kiingereza zilizotishia pwani. Kwa muda huo mji mdogo wa bara ukawa makao ya utawala wa koloni zima. Mwaka 1916 majeshi ya Jenerali Jan Smuts yaliposonga mbele, serikali ilihamia Tabora, na tarehe 26 Agosti 1916 Morogoro ikatekwa. Tabora nayo ilitekwa na Wabelgiji mwezi uliofuata.

Serikali inayokimbia haiwezi kubeba masijala yote. Sehemu kubwa ya majalada ya serikali kuu ya Kijerumani ilifukiwa ardhini huko Tabora, na baada ya vita Waingereza waliyafukua kwa kuelekezwa na waliojua yalipofichwa. Katika hayo, yaliyowafaa mara moja ni yale ya ardhi, kwa sababu mashamba ya Wajerumani yalikuwa yametaifishwa kama mali ya adui na kuuzwa upya, na mnunuzi alihitaji uthibitisho wa mipaka na miliki. Majalada mengine yalibaki kimya kwa miongo kadhaa. Yalikuwa kwa Kijerumani, mengi kwa mwandiko wa mkono wa mtindo wa kale ambao hata Mjerumani wa leo husoma kwa shida, na hayakuwa na orodha ya kumwongoza msomaji.

Orodha ilipatikana baada ya uhuru. Wataalamu kutoka Ujerumani Magharibi walishirikiana na Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, Dar es Salaam, kuyapanga majalada hayo, na mwongozo wake, uliotayarishwa na Eckhart Franz na Peter Geissler, ulichapishwa Marburg mwaka 1973. Mwaka 1997 UNESCO iliziingiza nyaraka hizo za Kijerumani katika rejista ya Kumbukumbu ya Dunia. Tangu mwaka 1916 hadi 1973 ni miaka 57. Katika muda huo karatasi zilikuwepo, lakini kwa mtu wa kawaida zilikuwa kama hazipo.

Nakala na majalada ya upande wa Berlin yalikuwa na mkasa wao. Majalada ya Wizara ya Makoloni ya Ujerumani yalinusurika Vita Kuu ya Pili na kuwekwa Potsdam, katika iliyokuwa Ujerumani Mashariki. Mtafiti kutoka nchi za Magharibi aliyahitaji, lakini kibali chake kilipimwa kwa mizani ya Vita Baridi. Nyaraka za jeshi zilikumbwa na maafa makubwa zaidi: hifadhi ya jeshi mjini Potsdam iliteketea kwa mabomu tarehe 14 Aprili 1945. Mpaka wa Ujerumani mbili ulipoondolewa na nchi kuungana mwaka 1990, majalada ya Wizara ya Makoloni yaliingia katika Hifadhi ya Shirikisho na sasa yako Berlin-Lichterfelde. Anayechunguza Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, au imani ya Kolelo iliyokuwa na kitovu chake Kolero, Uluguru, hutegemea yaliyosalia hapo pamoja na simulizi za wazee. Ndiyo maana Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoendesha mradi wake wa utafiti wa Maji Maji mwaka 1968, kiliwatuma wanafunzi vijijini kukusanya masimulizi: karatasi za mtawala zilikuwa na upande mmoja tu wa habari.

Udhamini: mlango wa nje na mlango wa ndani

Utawala wa Waingereza ulikuja na sura mbili kuhusu habari. Tanganyika haikuwa koloni la kawaida. Ilikuwa nchi iliyo chini ya dhamana ya Shirika la Mataifa, na baada ya mwaka 1946 ya Umoja wa Mataifa. Hali hiyo ya kisiasa iliilazimisha Uingereza kupeleka taarifa kila mwaka, kwanza Geneva, kisha New York, na taarifa hizo zilichapishwa. Wananchi waliweza kuandika malalamiko kwa Baraza la Udhamini la Umoja huo, na malalamiko hayo yakaingia katika nyaraka za Umoja wa Mataifa. Machi 1955 Julius Nyerere alizungumza mbele ya Baraza hilo kwa niaba ya chama cha TANU. Mtanganyika hakuruhusiwa kuona jalada la bomani kwake, lakini madai yake mwenyewe yaliweza kusomwa New York.

Mlango wa ndani ulikuwa boma. Kila ofisi ya wilaya ilikuwa na kitabu cha wilaya, ambamo maofisa waliandika habari za koo, mila, machifu, mvua, mazao na mashauri. Vitabu hivyo baadaye vilipigwa picha kwenye mikrofilamu, na nakala zake ziko katika maktaba za nje kadhaa, ikiwemo ya SOAS, London. Kando ya kitabu hicho kulikuwa na majalada ya kawaida na majalada ya siri, kila kundi na kabati lake. Katika kipindi chote cha Waingereza, Tanganyika haikuwa na hifadhi ya taifa ya nyaraka. Majalada ya zamani yalilala katika stoo za maboma, na uhai wake ulitegemea kama ofisa aliyepo alijali au hakujali.

Matuta ya 1955

Tukio linaloonyesha vizuri zaidi namna ushahidi unavyotawanyika ni mpango wa matumizi ya ardhi Uluguru. Serikali ya kikoloni iliuanzisha kuelekea mwaka 1950 ili kuzuia mmomonyoko wa udongo na kuyalinda maji ya mito inayoshuka milimani, ukiwemo Ruvu. Wakulima walilazimishwa kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko. Mgeta, ambako watu walilima mboga kwa umwagiliaji, matuta yaliweza kulipa. Kwingineko yalileta udongo wa chini usio na rutuba juu ya shamba, mavuno yakapungua, na kazi yenyewe ilikuwa ya shuruti. Julai 1955 ghasia zilizuka Matombo, polisi wakafyatua risasi, na mtu mmoja akauawa. Baada ya hapo serikali iliacha kulazimisha matuta.

Nani anaweza kueleza kwa nini watu wa milimani walikataa? Taarifa za maofisa wa wakati huo zilitazama sana uchochezi wa kisiasa, kwa sababu TANU ilikuwa imezaliwa Julai 1954 na serikali iliiogopa. Henry Fosbrooke, mtaalamu wa sosholojia wa serikali, pamoja na Roland Young, msomi wa siasa kutoka Marekani, walichapisha mwaka 1960 kitabu kuhusu ardhi na siasa za Waluguru. Wao waliona chanzo pia katika udhaifu wa utawala wa machifu uliowekwa na wakoloni juu ya koo zilizokuwa na viongozi wao wenyewe, wandewa, wasimamizi wa ardhi ya ukoo. Miaka mingi baadaye Pamela Maack, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1996, aliupa uzito upinzani wa wakulima wenyewe na namna ulivyojenga utambulisho wao.

Tofauti hizi za maelezo zimetokana pia na nani aliweza kusoma nini. Fosbrooke alikuwa ndani ya serikali, na majalada yalikuwa mezani pake. Mtafiti wa nje alilazimika kusubiri, kwa kuwa kanuni ilikuwa kuyafungua majalada baada ya miaka 30, na kwa kanuni hiyo majalada ya 1955 yaliiva kufunguliwa katikati ya miaka ya 1980. Mluguru aliyechimba matuta akiwa na miaka 25 alikuwa na miaka 55 au zaidi siku serikali iliposema sasa anaweza kuona kilichoandikwa juu yake. Wengi wa rika lake hawakuifikia siku hiyo, na walioifikia walikuwa na safari ya takriban kilomita 200 kutoka Morogoro hadi Dar es Salaam, kwenda kusoma Kiingereza.

Mwaka 1961 na nyaraka zilizovushwa bahari

Tarehe 3 Mei 1961, miezi saba kabla ya Tanganyika kupata uhuru, Waziri wa Makoloni wa Uingereza, Iain Macleod, alipeleka maagizo kwa serikali za makoloni. Serikali mpya zisirithi karatasi zinazoweza kuiaibisha serikali ya Uingereza, polisi, wanajeshi, watumishi au watoa habari, wala zile zinazoweza kufichua vyanzo vya upelelezi, wala zile ambazo mawaziri wapya wangeweza kuzitumia vibaya. Nyaraka za namna hiyo zilichomwa au kusafirishwa Uingereza.

Zilizosafirishwa zilikaa kimya kwa nusu karne. Mwaka 2011, wazee wa Kenya walioishtaki serikali ya Uingereza mjini London kwa mateso ya wakati wa Mau Mau walipodai ushahidi, serikali hiyo ilikiri kwamba ilikuwa na majalada karibu 8,800 kutoka makoloni 37 katika jengo lake la Hanslope Park. Kuanzia mwaka 2012 majalada hayo yalihamishiwa Hifadhi ya Taifa ya Uingereza, Kew, na kufunguliwa kwa awamu. Ya Tanganyika yamo katika mkusanyiko huo. Mwaka 2013 Uingereza ilikubali kuwalipa fidia Wakenya zaidi ya 5,000. Nyaraka ziliwasaidia kupata haki, lakini kwa kuchelewa kiasi kwamba wenzao wengi walikuwa wameshafariki.

Jambo la kuzingatia ni kwamba sheria ya Uingereza ya miaka 30 haikuyafikia majalada haya, kwa sababu hayakuwa yameorodheshwa mahali popote ambapo umma ungeweza kuyaulizia. Sheria ya ufunguzi hufanya kazi juu ya kilichokabidhiwa na kuandikishwa tu.

Hifadhi ya taifa na kanuni ya miaka 30

Serikali huru ya Tanganyika ililishughulikia suala la nyaraka mapema. Waraka wa Rais wa mwaka 1963 uliagiza nyaraka za serikali zihifadhiwe, na Sheria Na. 33 ya mwaka 1965 ikaipa Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa msingi wa kisheria. Majalada ya maboma, yakiwemo ya Morogoro, yalianza kukusanywa Dar es Salaam. Hilo lilikuwa tendo la ujenzi wa taifa, kwa kuwa kwa mara ya kwanza karatasi za utawala zilichukuliwa kuwa mali ya wananchi. Zanzibar, ambako hifadhi ilikuwa imeanzishwa mwaka 1956, ilibaki na taasisi yake, kwa kuwa nyaraka si jambo la Muungano.

Mfumo wa chama kimoja, ulioanza rasmi mwaka 1965, ulileta swali jipya. Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1970 iliweka adhabu kali kwa anayetoa habari za siri, na mwaka 1975 chama kilitangazwa kuwa chombo chenye mamlaka ya mwisho nchini. Maamuzi makubwa yalifikiwa katika vikao vya chama, na serikali ikayatekeleza. Mfumo wa vyama vingi uliporudi mwaka 1992, chama tawala kilikuwa tena chama kimoja miongoni mwa vyama, na kumbukumbu zake zilizoko Dodoma ni mali yake. Kwa hiyo anayetafuta chimbuko la Operesheni Vijiji ya 1973 hadi 1976 hukuta utekelezaji katika majalada ya serikali, na mjadala wa maamuzi katika makabati ya chama, ambako kanuni ya miaka 30 haitawali.

Warithi wengi wa boma moja

Mabadiliko ya ngazi ya chini hayatangazwi kwa mizinga, lakini kwa nyaraka yana madhara makubwa. Uchifu ulipofutwa mwaka 1963, mashauri ya machifu hayakuwa na mrithi mmoja. Mahakama za wenyeji ziliingizwa katika Mahakama ya nchi na kuwa mahakama za mwanzo. Shughuli za maendeleo zilikwenda halmashauri. Ulinzi na amani ulibaki kwa mkuu wa wilaya. Kitabu cha shauri la ardhi la Kinole au Matombo kiliweza kuangukia kwa yeyote kati ya hao watatu.

Mwaka 1972, kwa sera ya madaraka mikoani, halmashauri za wilaya zilivunjwa. Sheria ya mwaka 1982 ilizirudisha, nazo zikaanza upya mwaka 1984. Kwa zaidi ya miaka kumi masijala za halmashauri zilikuwa chini ya ofisi nyingine, na halmashauri mpya zilianza na namba mpya za majalada. Baadaye wilaya ziligawanywa: Mvomero ikamegwa kutoka Morogoro Vijijini, na makao ya Halmashauri ya Wilaya ya Morogoro yakahamishiwa Mvuha. Kila hatua ina sababu zake njema za kusogeza huduma. Lakini kila kuvunjwa, kugawanywa na kuhama kwa ofisi kunahitaji orodha ya makabidhiano inayotaja kila jalada, lilikotoka na linakokwenda. Pasipo orodha, mwananchi anayedai kwamba shamba la ukoo wake liko nje ya mpaka wa msitu wa hifadhi uliowekwa enzi za Wajerumani huzungushwa ofisi hadi ofisi, na aliye na mwanasheria mjini humshinda.

Mazimbu: nyaraka zilizofuata wenyewe

Morogoro ina pia mfano wa nyaraka za wageni waliogeuka kuwa serikali kwao. Chama cha African National Congress cha Afrika Kusini kilifanya mkutano wake mashuhuri mjini Morogoro mwaka 1969. Mwaka 1977 serikali ya Tanzania ilikipa eneo la Mazimbu, lililokuwa shamba la mkonge, na hapo kikajenga shule iliyopewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na makaburu Aprili 1979. Shule hiyo ilikuwa na ofisi, mikutano, hospitali na mashamba, na vyote vilizaa karatasi.

Chama hicho kiliporuhusiwa tena kwao mwaka 1990, wakimbizi walianza kurudi, na mwaka 1992 Mazimbu ilikabidhiwa serikali ya Tanzania. Leo ni Kampasi ya Solomon Mahlangu ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Nyaraka za shule zilikwenda Chuo Kikuu cha Fort Hare, Afrika Kusini, ambako zilipangwa na kufunguliwa kwa watafiti. Upande wa pili, serikali ya makaburu ilikuwa inaharibu ushahidi: Tume ya Ukweli na Maridhiano ilibaini kwamba mwaka 1993 idara ya ujasusi iliteketeza tani 44 za karatasi na mikrofilamu. Mabadiliko yale yale ya kisiasa yalifungua kumbukumbu za wahamishwa na kuziangamiza za waliowawinda. Kwa Morogoro yaliacha majengo na makaburi, na historia ya miaka 15 ya mji huo ikabaki kusomwa ng'ambo ya mipaka.

Sheria za sasa na pengo lililobaki

Sheria Na. 3 ya mwaka 2002 iliunganisha usimamizi wa kumbukumbu za ofisini na wa nyaraka za kihistoria chini ya Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, ikadumisha kanuni ya miaka 30. Kituo cha Taifa cha Kumbukumbu kilijengwa Dodoma kupokea majalada ambayo hayatumiki kila siku. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 ilimpa raia wa Tanzania Bara haki ya kuomba taarifa kwa mamlaka za umma na kujibiwa ndani ya siku 30, isipokuwa zile zilizozuiwa. Mwaka uliofuata Tanzania ilijitoa katika ushirikiano wa kimataifa wa serikali zinazoendesha mambo kwa uwazi, iliojiunga nao mwaka 2011. Hatua hizo mbili, zilizotokea kwa kufuatana, zinaonyesha kwamba uwazi hupanda na kushuka hata pale katiba na chama tawala visipobadilika.

Pengo liko katikati ya sheria ya 2002 na ile ya 2016. Jalada la miaka 40 lina hifadhi; jalada la mwaka huu lina ofisa anayelijua. Jalada la miaka 15 au 20, ambalo ofisi yake imehama au kuvunjwa, ndilo lililo hatarini zaidi, nalo mara nyingi ndilo lenye ushahidi wa ardhi, fidia na mikataba inayogombewa leo.

Tiba yake haina fumbo. Kwanza, kila mabadiliko ya ofisi, kuanzia wizara inayohamia Dodoma hadi kata inayogawanywa, yaambatane na orodha ya makabidhiano inayowekwa wazi kwa umma, hata kama majalada yenyewe bado yamefungwa. Mtu akijua jalada lipo, anaweza kulidai. Asipojua, hata sheria nzuri haimsaidii. Pili, nakala za nyaraka za Morogoro zilizoko Dar es Salaam, Berlin, Kew na Fort Hare ziletwe Morogoro kwa njia ya dijitali, pamoja na muhtasari wa Kiswahili. Mkoa una vyuo vikuu vya Sokoine na Mzumbe, na Mzumbe hufundisha usimamizi wa kumbukumbu na nyaraka, hivyo wasomi wa kuifanya kazi hiyo wapo pale pale. Tatu, watunza kumbukumbu wa wilaya wapewe hadhi, mafunzo na stoo zisizovuja, kwa kuwa wao ndio mikono ya kwanza inayoshika historia. Nchi inayotimiza haya matatu hubadilisha viongozi, vyama na mipaka ya wilaya bila kumpokonya raia ushahidi wa maisha yake.